Sauti Iliyochelewa

Kulikuwa na mtunzi wa muziki aitwaye Rói, mzaliwa wa kijiji kidogo katika Visiwa vya Faroe, huko kaskazini ambako upepo haukubali mti ukue. Alisomea kazi yake ng'ambo, akarudi, akaombwa aitungie muziki okestra ya visiwa vyao. Alisoma mashairi ya kwao, akasoma na hadithi, kisha akaviweka kando. Alitaka kitu ambacho hakuna aliyekiandika: namna watu wa kijiji chake walivyoimba kanisani.

Kanisa lile halikuwa na kinanda. Marjun, dada yake Rói, ndiye aliyeanzisha nyimbo, na kila mtu alimfuata kwa mwendo wake. Mmoja aliipandisha sauti, mwingine aliizungusha kama alivyoisikia kwa mama yake, na mwisho wa mstari hawakufika pamoja. Marjun alishika desturi moja aliyoachiwa na waliomtangulia: mstari mpya hauanzi mpaka wa mwisho amalize. Wa mwisho siku zote alikuwa Dánjal, mzee mjane mwenye kondoo wachache na kifua kibovu. Kanisa zima lilinyamaza, na sauti yake nyembamba ikapita peke yake juu ya vichwa vyao mpaka ikaisha.

"Dánjal," jirani yake mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alimtania siku moja wakitoka, "wewe utafika mbinguni wamekwisha kufunga."

"Marjun atakuwa ameweka mguu mlangoni," mzee akajibu.

Rói aliyaandika yote kwa uangalifu. Fidla moja iliingia baada ya nyingine, filimbi ikabaki nyuma kidogo, na mwisho wa kila mstari okestra nzima ilinyamaza, ikabaki selo moja, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, ikijikokota peke yake. Hakuna aliyewahi kuusikiliza uimbaji ule kwa makini kama yeye. Kwa ubeti wa mwisho aliwaita wanakijiji wenyewe waje mjini waimbe pamoja na okestra.

Lakini siku ya mazoezi fimbo ya mwongozaji wa okestra haikusubiri. Selo ilikuwa imepimiwa muda wa kuchelewa, na muda huo ulipokwisha tarumbeta ziliingia. Dánjal alikuwa bado na mstari kinywani. Wakarudia. Akachelewa zaidi, kwa sababu sasa aliogopa. Waliporudia tena, mpiga tarumbeta mmoja alicheka, si kwa ubaya, na Dánjal naye akacheka, akaomba radhi.

Rói angeweza kuziambia tarumbeta zisubiri. Ilitosha kuongeza alama moja ndogo kwenye karatasi. Lakini aliuona muziki wake umekaa vizuri mno kuguswa. Akamvuta dada yake pembeni.

"Mwambie achezeshe midomo tu," akasema. "Hakuna atakayejua."

Marjun alimtazama kaka yake, aliyekuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwonea huruma yeye aliyekuwa karibu kuliko mzee aliyekuwa mbali. Akaenda kumwambia mzee. Dánjal aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Onyesho lilifana. Watu walilia. Walisema Rói amekileta kijiji kizima ukumbini. Selo ilichelewa kwa ufundi mkubwa, na mzee, katika safu ya nyuma, amevaa vazi lake la sikukuu lenye vifungo vya fedha, alichezesha midomo.

Jumapili iliyofuata Marjun alianzisha wimbo kanisani. Mwisho wa mstari alisubiri. Hakikuja kitu. Akageuka, akaiona midomo ya Dánjal inakwenda bila sauti. Baada ya ibada alimweleza kwamba yale yalikuwa ya mjini, hapa aimbe kama zamani. Mzee alimshukuru, na Jumapili nyingine akafanya vilevile. Wengine waliozoea kujikokota nao wakaanza kujichunga, kwa maana sasa kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye wa mwisho. Ulipofika wakati wa kuchinja kondoo walikuwa wakiimba kwa pamoja, wakimaliza kwa pamoja, na ibada ilikuwa fupi.

Habari hizi zilimfikia Rói, akaja. Alimkuta Dánjal kwenye kibanda cha mbao, anatundika nyama ikauke kwa upepo. Alimwomba msamaha. Alimsihi aimbe, japo mstari mmoja, japo palepale. Mzee alifuta mikono yake, akavuta pumzi, akaiachia bila sauti.

"Nilijua mimi ni wa mwisho," akasema. "Lakini nilidhani mnanisikiliza. Kumbe mlikuwa mnanisubiri."

Muziki wa Rói ungali unapigwa katika kumbi za nchi nyingi, na unastahili sifa zake.

Nanyi mnaosimamia kazi njema na mnataka itoke bila dosari: ni nani kati ya watu wenu mliyemwambia anyamaze kidogo tu, naye kwa adabu akawatii?