Mlango wa Subilaga

"Maumivu hupiga hodi, asiyeitika huvunjiwa mlango." Leo mmemsikia kocha akimwambia hivyo Lusekelo alipotaka kuendelea kukimbia huku akichechemea, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno yake mwenyewe. Siyo yake. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tukuyu, na mlango wenyewe niliuona kwa macho yangu umelala sakafuni.

Palikuwa na jirani yangu aitwaye Subilaga, karani wa mahakama ya mwanzo. Alipofiwa na mumewe alijifungia ndani. Kazini alikwenda, lakini akirudi ni kitandani moja kwa moja. Watoto wake walikuwa shule za bweni, na chakula alipika siku akikumbuka. Aliyemtoa humo ni wifi yake, Bupe, dada wa marehemu. Bupe alikuwa na kikundi cha akina mama waliokimbia alfajiri kwa ajili ya presha na uzito. Akawa anapita kila kukicha: "Hodi, wifi! Vaa raba, twende!"

Mwanzoni Subilaga alikwenda ili kelele ziishe tu. Alikuwa akikimbia kidogo anashika kiuno, anatukana kidogo, anatembea. Lakini mwili ulizoea. Usingizi ukarudi, hamu ya kula ikarudi, na siku moja nikamsikia anacheka barabarani kabla jua halijatoka. Nilisimama jikoni kwangu nikamshukuru Mungu.

Ndipo akajiandikisha kwenye mbio za mwaka za kushuka kuelekea Kyela. Hapo akapitiliza. Wenzake wakikimbia asubuhi, yeye aliongeza jioni peke yake, kwenye miteremko mikali, na raba zilizolika upande mmoja. Muundi wa kulia ukaanza kumuuma, mahali pamoja tu, padogo kama kidole gumba. Mara ya kwanza maumivu yalikuja akianza kukimbia, yakapotea mwili ulipopata moto. Baadaye hayakupotea. Mwishowe yakamfuata hata kitini mahakamani.

"Mbona unakanyaga kama unaiogopa ardhi?" Bupe alimuuliza.

"Kiatu tu, wifi."

Akafunga bandeji chini ya suruali, akameza vidonge, akachua kwa mafuta. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuambiwa apumzike, kwa sababu kwake kupumzika kulikuwa na maana moja tu, kile kitanda.

Mbio zilipokaribia, asubuhi moja ya manyunyu, Bupe akaja kama kawaida. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wifi!" Kimya. Taa ilikuwa inawaka, na mlango umefungwa kwa ndani. Kumbe Subilaga alikuwa amekaa chini sebuleni. Alijaribu kusimama, mguu ukakataa. Akaona afadhali anyamaze mpaka wifi yake akate tamaa aende zake.

Bupe hakukata tamaa. Alizunguka madirishani, akaita mpaka nasi majirani tukatoka na kanga mabegani. Tulimjua Subilaga kuwa ana presha na anaishi peke yake. Bupe akarudi nyuma, akaukimbilia mlango kwa bega. Bawaba zikang'oka, naye akaingia pamoja na mlango, puu!

Tulimkuta Bupe amelala juu ya mbao, na Subilaga mbele yake, raba moja mguuni, nyingine mkononi.

"Wifi, uko hai!"

"Niko hai. Umenivunjia mlango!"

"Nimepiga hodi mpaka sauti imekauka! Kwa nini hukuitika?"

"Nilitaka uondoke."

Bupe akaiona bandeji. Akaifungua bila kuomba ruhusa, akabonyeza muundi, na Subilaga akapiga ukelele.

"Hii imeanza lini?"

"Zamani kidogo."

"Inauma ukikimbia tu?"

"Zamani. Sasa hata nikilala."

Bupe akakaa karibu naye, huku akijisugua bega. "Basi maumivu yako yamefanya kama mimi. Yamepiga hodi, yamepiga hodi, nawe umenyamaza ukingoja yaondoke. Hayaondoki, wifi. Yanatafuta bega la kuvunjia mlango."

Subilaga akaanza kulia. "Nikiacha kukimbia nitarudi kule. Unakujua kule."

"Nakujua, mimi ndiye niliyekutoa. Nani kakuambia nitakuacha urudi?"

Tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, akampiga picha, akaitazama kwa makini. Kisha akasema, "Mfupa umechoka, haujavunjika. Ufa mdogo huchelewa kuonekana kwenye picha, kwa hiyo nitakutibu kama upo. Ungekwenda kwenye mbio hizo, pengine ungerudi umebebwa."

"Nitakimbia tena?"

"Utakimbia, mama. Ila si sasa."

Bupe alimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, ndaga!" mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Subilaga akawa anacheka na kulia pamoja.

Alipewa magongo, akakatazwa kukimbia hadi aweze kutembea bila maumivu. Na kile kitanda? Hakukirudia. Kila asubuhi akina mama walimalizia mbio zao barazani kwake, wakanywa chai, wakamsimulia nani kapitwa na nani. Siku ya mashindano alisimama kando ya barabara akigawa maji na kupiga vigelegele. Alipopona alinunua raba mpya, akaanza kwa kutembea, akachanganya na mbio za pole, leo anakimbia, kesho anapumzika. Miteremko aliiacha mwisho. Na kila aliyemuuliza habari ya mlango mpya alimjibu kwa maneno ambayo leo mnayaita methali.

Mwaka uliofuata tulikuwa njiani na lile kundi, maana nami nilikuwa nimeshajiunga, kisigino cha Subilaga kikamchoma. Akasimama pale pale. Akaegemea nguzo ya umeme, akavua kiatu, akakitazama kisigino chake, akasema kwa sauti, "Karibu!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha sote tukageuka, tukarudi naye nyumbani tukitembea taratibu, na wiki iliyofuata alikuwa anakimbia tena. Maumivu hupiga hodi. Asiyeitika huvunjiwa mlango.