Penseli ya Zamoyoni

Mchonga penseli mno huandikia ukucha. Mmemsikia mwalimu wenu Bi Elinami akimtania mwenzenu kwa maneno hayo, mkacheka, kisha mkauliza yalitoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Zamoyoni Mkwizu, mama wa Ndivo, alikuwa mhudumu wa zahanati moja huko Upareni. Kwa miaka kumi na miwili aliosha vifaa na kupanga faili huku akitamani kuwa muuguzi. Siku moja mganga wa zahanati akamwambia kwamba nafasi ya ruhusa ya masomo ni moja tu. Akifaulu mtihani wa watu wazima wa kuingia chuoni mwaka huo, ni yake. Akishindwa, atapewa mwingine.

Zamoyoni akajiunga na darasa la jioni. Daftari lake lilikuwa la kupendeza: wino wa rangi tatu, kila kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Ukurasa ukichafuka, aliunakili upya. Mwalimu Mfinanga alipogawa mtihani wa majaribio, yeye alirudisha wake mtupu.

"Bado sijawa tayari, mwalimu."

"Mama Ndivo, jaribio ndilo litakalokuweka tayari."

"Nimalizie kwanza kunakili."

Wiki nane zikapita hivyo. Kila Jumamosi, siku ya majaribio, wenzake walishindana na saa. Yeye alishindana na rula. Usingizi ukampungua, lakini daftari likazidi kung'aa.

Siku ya mwisho ya darasa, Senkoro, dereva wa lori la mchanga aliyesoma naye, akamtania: "Dada, majibu yale yanasomwa na mashine. Unasiliba duara lote liwe jeusi kwa penseli. Likipauka kidogo tu, mashine inasema hukuandika kitu."

Wengine wakacheka. Zamoyoni hakucheka.

Siku ya mtihani aliingia ukumbini na penseli moja mpya na wembe. Maswali yalikuwa mia, muda wa saa mbili. Akasiliba duara la kwanza, akaliona limepauka. Akachonga. Akasiliba la pili, akachonga tena. Ncha ikakatika, akachonga. Maganda yakajaa mezani kama pumba chini ya mashine ya kukoboa. Alipomaliza swali la themanini na nane, kipande kilichobaki, kifupi kuliko kidole gumba, kilipasuka chini ya wembe. Akainua mkono.

"Una shida gani, mama?" msimamizi akamuuliza.

"Penseli imekwisha."

"Imekwisha? Si umeingia nayo nzima?"

"Nimeichonga."

Msimamizi akalitazama lile lundo la maganda. "Yote?"

Zamoyoni akayakusanya maganda kwa kiganja.

"Kuazimana humu hakuruhusiwi. Ngoja nimtume mwenzangu ofisini akuletee."

Zilibaki dakika tisa. Akasoma swali lililofuata, jibu alilijua. Akasoma la pili yake, nalo alilijua. Akaanza kuyabonyeza maduara kwa ukucha wa gumba, moja baada ya jingine, mpaka la mia. Alama zilionekana ukiinamisha karatasi kuelekea dirishani. Labda mashine nayo itainamisha, alijiambia. Kengele ikalia kabla penseli haijafika.

Matokeo yakatoka. Alama za kufaulu zilikuwa hamsini kati ya mia. Yeye alipata arobaini na nne.

Alilifungua daftari lake la rangi tatu, akayapitia yale maswali kumi na mawili aliyoyakumbuka vizuri mno. Tisa alikuwa amepatia, lakini mashine haikuona hata moja.

Ruhusa akapewa mwingine. Senkoro, aliyefaulu kwa penseli butu, akaja zahanati kumpa pole, lakini utani ukamponyoka kwa mazoea: "Ndiyo hivyo, dada. Mchonga penseli mno huandikia ukucha."

Wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Zamoyoni akautazama ukucha wake wa gumba.

"Na ukucha," akasema, "ulikuwa unajua majibu."

Waliokuwa kwenye lile benchi wakayabeba maneno ya Senkoro hadi nyumbani kwao, na huko yakaenea.

Sasa mwenzenu aliyetaniwa yuko kwenye ratiba yake ya nne ya kujisomea, anaipaka rangi, na karatasi ya majaribio hajaigusa. Mtihani wenu umebakiza siku tisa. Mwambieni, na safari hii msicheke: mchonga penseli mno huandikia ukucha.