Mtu wa Upande wa Pili

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo, naomba twende kwanza uani kwa mama mmoja. Msiogope, hana mbwa.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, mjane, akiishi na mjukuu wake katika mji mmoja wa milimani, kule ambako asubuhi watu huota jua wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Mjukuu aliitwa Atuganile, alikuwa darasa la nne. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita yule mama Bibi Atu.

Alikuwa mcheshi, anapendwa, na alikuwa na hadithi moja isiyomwisha mdomoni: michezo ya utoto wake. Mkute kwenye mazoezi ya kwaya, atakusimulia. Mkute kwenye foleni ya zahanati, atakusimulia. Kwenye kumenya viazi vya harusi ndiyo usiseme.

“Sisi tulicheza,” alikuwa akisema. “Tukitoka shule tunatupa madaftari, hata uji hatunywi, tunakimbilia uwanjani. Rede, mdako, kombolela, kuruka kamba. Wavulana na magari yao ya waya, magurudumu wamekata kwenye kandambili za mama zao. Wanachapwa, na kesho wanakata tena. Giza likiingia unasikia unaitwa nyumbani, unajifanya hujasikia.”

Mnacheka. Wangapi humu wamecheza rede? Haya, naona mikono. Mzee wa kanisa pale naye amenyoosha. Mzee, rede ulikuwa mchezo wa wasichana, lakini leo hatuulizani.

Kwa vijana wasioujua: wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa matambara, wanamlenga aliye katikati. Huyo wa katikati anakwepa, na huku akikwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa hajapigwa, ameshinda. Ni hivyo tu. Lakini waulizeni mama zenu kama kulikuwa na kitu kitamu kama hicho.

Basi Bibi Atu akimaliza kusimulia alikuwa anashusha pumzi, anasema maneno yale yale: “Watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Hawajui kucheza. Wanajifungia ndani kama wagonjwa.” Na wenzake wanaitikia, “Kweli kabisa.” Si ndivyo tunavyosema hata sisi?

Siku moja ya likizo umeme ulikatika tangu asubuhi. Simu aliyokuwa anachezea Atuganile ikazima. Bibi akamwona mtoto amekaa kizingitini, kidevu magotini, hana la kufanya. Furaha iliyompata bibi huyo ni kama ya mtu aliyesikia mgeni wake amefika. Akaingia chumbani, akatoa soksi kuukuu, akaishindilia vipande vya vitambaa vilivyobaki enzi za cherehani, akaishona mdomo, akaifinyangafinyanga mpaka ikawa mviringo. Akaipima uzito kiganjani, akacheka peke yake. Akatafuta chupa tupu ya maji. Akakaza kitenge kiunoni, akatoka uani anatembea kama msichana.

“Simama,” akamwambia mjukuu. “Leo nakufundisha rede.”

“Naijua, bibi,” mtoto akajibu. “Tunacheza shuleni.”

Bibi akashangaa kidogo, lakini furaha haikumtoka. “Vizuri. Basi kaa katikati, mimi narusha.”

“Na wa upande wa pili ni nani?”

Bibi akatazama huku na huku. Uani palikuwa na beseni na kamba ya nguo, basi. “Kwani hapa jirani hakuna mtoto? Kamwite mmoja.”

Atuganile akasema, bila ukorofi wowote, kama anayejibu swali la darasani: “Yupo Tumpe. Lakini bibi, ulinikataza nisiende kwao. Na yeye bibi yake amemkataza asije kwetu.”

Wapendwa, hapo kuna jambo sikuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu hata Bibi Atu mwenyewe, katika hadithi zake zote, hakupenda kulisimulia.

Nyuma ya ua wa michongoma aliishi mama wa rika lake, Bibi Tumpe. Wawili hawa walikulia mtaa mmoja, walikaa dawati moja, na kwenye rede ndio waliokuwa wakisimama huku na huku kurusha mpira. Wakaja kuolewa nyumba za jirani. Kwenye michongoma kulikuwa na upenyo, na wajukuu wao walipita hapo kutwa. Halafu mwaka mmoja kuku wa Bibi Tumpe wakapita kwenye upenyo huo, wakafukua kitalu chote cha mchicha. Bibi Atu akasema kuku hufuata tabia ya mwenye kuku. Mwenzake akajibu kwamba huo mchicha ulikuwa umedumaa kama roho ya aliyeupanda. Jioni hiyo upenyo ukazibwa kwa bati. Tangu hapo walikuwa wakisimama kwaya moja, safu moja, wanaimba sauti moja, na hawasalimiani.

Mnaona sasa? Kilichowafungia watoto wale ndani hakikuwa simu. Simu walipewa baada ya kuzibiwa njia.

Bibi Atu alibaki amesimama na mpira mkononi. Kwanza alitaka kusema, mtoto usiingilie mambo ya wakubwa. Lakini aliona aibu mbele ya mtoto wa darasa la nne, aibu ile inayopasha masikio moto. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye michongoma, akashika lile bati, akalivuta. Lilikuwa limeshikwa na miiba, likapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Likamkwaruza mkono. Akavuta tena, likatoka.

Upande wa pili Bibi Tumpe alikuwa anapepeta maharage. Akainua uso.

“Mama,” Bibi Atu akaanza, kisha akaona neno hilo halifiki. Akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna aliyelitumia tangu wazazi wao walipofariki. “Sekela. Tumekosa mtu wa upande wa pili.”

Yule mama akamtazama. Akautazama mpira. Akaweka ungo chini taratibu.

“Wewe ulikuwa unarusha juu mno,” akasema.

“Na wewe ulikuwa unarusha kabla mtu hajajiandaa.”

“Tumpe,” Bibi Tumpe akaita kuelekea ndani, “toka huko. Vaa sweta, tunacheza.”

Ndugu zangu, laiti mngeuona uwanja ule. Bibi mmoja huku, bibi mwingine kule, vitenge vimekazwa, na katikati wasichana wawili wanaruka kama mbuzi waliofunguliwa, kila mmoja na chupa yake. Mpira wa kwanza wa Bibi Atu ulipita juu ya vichwa vya wote ukaangukia kwenye maharage. Bibi Tumpe alicheka mpaka akakaa chini. Kiatu kimoja kiliruka mpaka barabarani. Mama muuza vitumbua akapita, akasimama, akatua ndoo yake, akaomba aingie. Kufika saa kumi palikuwa na watoto wa nyumba zote za mtaa ule, na mama zao, na hakuna aliyeuliza kama umeme umerudi.

Walipochoka, bibi wale wawili wakakaa kwenye ngazi, wanahema. Bibi Atu akasema, “Yale maneno yangu ya kuku, Sekela, nisamehe.”

Mwenzake akamfuta vumbi begani. “Nami nisamehe ya mchicha. Nilikuwa nakusubiri siku zote. Ungekuja hata bila mpira.”

Sasa nigeuke kwetu sisi. Tunapenda sana kusema, zamani kulikuwa na raha. Ni kweli. Lakini raha ile ilikuwa ndani ya soksi iliyojazwa matambara? Soksi tunazo hata leo. Au mnadhani tulikuwa hatugombani? Jamani, tuligombana kuliko sasa. Asubuhi tunaapa hatutasemezana mpaka kufa, alasiri tunaitana uwanjani, kwa sababu mchezo bila mwenzako haupo. Tulimhitaji mwenzetu kuliko tulivyohitaji kushinda ugomvi. Hilo ndilo tulilopoteza, halafu tunawasingizia watoto.

Siku ile Bwana wetu alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi wake, wao walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanabishana nani mkubwa.

Wewe unayenisikiliza, bati lako umeliweka wapi? Pengine ni ndugu yako wa tumbo moja, na watoto wenu hawajuani hata kwa majina. Pengine yumo humu humu, mmekaa benchi moja, katikati mmeweka mikoba. Usiniambie habari za utoto wako leo. Mimi nitafupisha somo, tutaimba wimbo mmoja, na jua bado lipo. Tukitoka tu, mwite.