Mkono wa Fundi Baiskeli

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja aliyeiba betri ya sola ya kanisa. Alikiri, akakaa gerezani mwezi mzima. Kisha wazee wa usharika wakaenda wenyewe kwa hakimu, suti zimenyooka: "Tupe sisi. Tutamlea." Hakimu akampa kifungo cha nje. Miezi sita afagie uwanja wa kanisa, akiripoti kwa afisa wa uangalizi.

Fundi alilia kwa furaha. Alifagia, jamani, hata kuku waliona haya kupachafua! Lakini alichotamani ni kimoja tu. Mnaujua mstari wetu baada ya ibada: tunatoka tukiimba, unampa kila mmoja mkono, kisha unasimama nawe upokee mikono ya wanaofuata. Alitaka mkono.

Jumapili ya kwanza akajipanga. Mama mmoja alipomkaribia akahamisha mkoba kwapa la pili. Mwingine akakumbuka sufuria jikoni. Mzee wa kanisa alimruka, akamsalimu aliyefuata. Ikawa hivyo kila Jumapili. Fagio walimpa; mkono, thubutu!

Zilipobaki wiki tatu akaenda kwa afisa.

"Mama, nirudishe gerezani."

"Una wazimu? Umebakiza wiki tatu!"

"Kule tulikula sinia moja, mama. Hapa hata salamu sipati."

Afisa akakataa. Basi fundi akaacha kuripoti, na mahakama ikamrudisha ndani.

Mnanuna? Nuneni, sijamaliza. Krismasi ilipofika, usharika ule ule ulikwenda gerezani na katoni za sabuni, kwaya imevaa sare, simu tayari kwa picha. Wafungwa wakapangwa mstari. Mzee yule yule akapita akiwapa mikono, mmoja mmoja. Akamfikia fundi, akamshika kwa mikono yote miwili. "Ndugu yangu, Yesu anakupenda!" Akapita. Hakumtambua. Ndani ya nguo za jela alikuwa mfungwa tu, na wafungwa tunawapenda.

Ndiyo, sisi! Tunawapenda wakiwa nyuma ya ukuta, siku moja kwa mwaka. Wakiletwa uani kwetu tunashika mikoba. Tulimwomba mtu kwa hakimu ili tumfanyie nini?

Leo asubuhi afisa ametuletea mwingine. Yuko pale nje, fagio mkononi, na ananisikia. Mstari wa leo utaanzia kwake. Asiyeweza, mlango wa nyuma uko wazi.