Chiriku Aliyelishwa Mdomoni

Hebu mwoneni Mwanasiti amechuchumaa chini ya tundu lake la ndege, anaokota kinda wa chiriku aliyetupwa na mama yake.

"Usimlishe kwa mate yako," chiriku mama akamwambia. "Atasema kama watu, na ndege hatutamtaka."

"Umeshamtupa, shoga. Nyamaza."

Mwanasiti akamtafunia mtama kama watoto wanavyotafuniwa, asubuhi, adhuhuri na jioni. Kinda akaota manyoya, kisha akasema, "Mama, nirudishe kwetu."

"Kaa na mimi, mwanangu."

"Kwetu ni kule."

Mwanasiti akamfungulia tundu. Kinda akaingia akisema, "Hodi, jamaa zangu." Wakamdonoa hadi akafa.

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja: alipokuwa akidonolewa, alimwita Mwanasiti.