Kipepeo wa Pande Mbili na Fisi wa Langoni

Mwaka huo jua liliwaka hata kiboko akasahau kuogelea. Bwawa lilibaki moja tu, nalo lilikuwa na ugomvi mwingi kuliko maji. Simba, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili, akaamuru lizungushiwe ua wa miiba: madume wanywe asubuhi, majike jioni. Lango akampa Fisi alinde. Nani aliyemshauri kumpa Fisi kazi ya mlangoni, hilo mpaka leo hakuna anayekubali.

Kipepeo alifika asubuhi, koo limemkauka. Bawa lake la kulia lilikuwa la buluu, la kidume. La kushoto la kahawia, la kike. Alizaliwa hivyo, wala hakuwahi kuona tatizo.

"Shikamoo, mzee. Naomba kunywa."

Fisi akamzunguka. "Marahaba, bwana. Au bibi. Nusu yako moja zamu yake ni jioni. Rudi jioni."

Jioni akarudi.

"Sasa hii nusu nyingine," Fisi akasema, "ilitakiwa asubuhi."

Kulipokucha Kipepeo hakuweza tena kuruka; alitembea. Aliogopa, maana alijua kesho haitamkuta. Sungura akamwokota vumbini, akambeba juu ya sikio mpaka langoni, alipokuwa Simba akikagua ua wake.

"Sheria ni sheria," Fisi akawahi. "Mwenye pande mbili auache nje upande usio na zamu."

Simba akaona hilo ni neno zito. "Na iwe hivyo kwa yeyote. Nusu ndani, nusu nje. Nikisema nimesema."

"Vyema, mfalme," Sungura akasema, akainua vibuyu viwili. "Nina maji kidogo hapa. Hiki ni cha dume ambaye bado ana kiu."

"Ni mimi," Fisi akasema. "Dume, mwana wa dume."

"Na hiki ni cha jike."

"Mimi pia. Waulize wanangu nani aliwanyonyesha."

Wanyama wakatazamana. Ndipo walipojua kwa nini bwawa lilikuwa likishuka sana asubuhi, na likishuka sana jioni.

"Kumbe nawe una pande mbili," Simba akasema. "Nusu ndani, nusu nje."

Sungura akamweka Kipepeo kwenye kizingiti cha lango, bawa la buluu ndani, la kahawia nje. Katikati palikuwa na tope la majimaji lililoletwa na miguu ya wanywaji. Kipepeo akanyoosha ulimi, akanywa mpaka akasikia raha ya kuwa hai.

Fisi naye, kizingiti kikiwa kimeshachukuliwa, akapanda ua. Mguu huu ndani, mguu ule nje, na miiba katikati, panapouma kwa dume na kwa jike vilevile. Akanasa. Mdomo ukabaki upande wa nje.

Waliokuja kunywa hawakumvunjia heshima. Asubuhi walimwambia, "Shikamoo, baba." Jioni wakamwambia, "Shikamoo, mama."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.