Ua la Kifuani

Sogeeni, wenzangu, niazimeni masikio.

Mwanakombo, mfunga vikuba, vile vishada vya maua vya maharusi, alisikia kuwa msituni kuna ua linalonukia kuliko asumini. Akalifuata. Akalikuta Zimwi limeketi kati ya miti mitatu yenye maua, vichaka vimelizunguka.

"Ua moja tu hapa linanukia," likasema Zimwi. "Nionyeshe. Waliokosea ndio vichaka hivyo."

Akanusa jeupe, wapi! Akanusa jekundu, wapi! Akanusa la tatu, dogo la kijani, wapi! Kisha akakumbuka kikuba: hakishikwi mkononi, hupachikwa kifuani. Akayapachika yote matatu, akatulia.

Lile dogo likapata joto, likageuka manjano, msitu mzima ukanukia. Vichaka vikainuka, vikawa watu.

"Na mimi nivishe," Zimwi likaomba.

Akachuma jingine la kijani, akalivisha. Wakangoja, wakangoja, wakangoja. Wapi!

"Babu, kifua chako ni baridi," Mwanakombo akaliambia taratibu, akachukua mche wa ua lile akaenda kuupanda uani kwake.

Ndio mkilua huo. Nawe ukikuta asubuhi ua moja la mkilua wako limechumwa, na wa nyumbani wote wanakana, usigombe. Ni Zimwi, bado linajaribu.